Vifungio vya Mzee Anfinn

Kifungio kilichoshika buti la kushoto kwenye skii, ubao mrefu wa kutelezea thelujini, kiling'oka katikati ya mteremko. Skrubu zote tatu zilitoka na vipande vya mbao, mzee Anfinn akabiringika hadi kwenye miamba, na skii yake ikateremka peke yake ikapotelea katika tufani ya theluji. Binti yake, Gyrid, alipomfikia alimkuta nyonga imevunjika.

Alijua sababu hata kabla ya kutazama. Tangu utoto wake, kila mwaka kabla ya Pasaka, baba alizitoboa skii za familia na kuzifunga vifungio mwenyewe, pale pale kwenye meza ya jikoni. Duka, alisema kwa dharau, ni la watu wa mjini, wa Oslo. Mwaka huu mikono ilimtetemeka. Keekee ilicheza, matundu yakawa mapana, naye akayajaza gundi huku akipiga mluzi. Gyrid aliona yote. Kesho yake alizipeleka zake dukani kwa siri. Fundi akaziba matundu na kutoboa upya mahali palepale. Za baba aliziacha. Mzee alizijua zake kila mkwaruzo; angezigusa, angejua, na Gyrid hakuwa na moyo wa kumwaibisha.

Sasa alichimba shimo kwenye theluji kwa koleo, akamburuta ndani, akamfunika mifuko yote miwili ya kulalia. Kibanda cha wasafiri walichokuwa wakiendea kilikuwa nyuma ya kilima na mzee habebeki. Waligawana chungwa. Baba alishindwa kumeza.

"Upepo ukae shavu la kulia," alisema. "Ukikupiga usoni, umepotea. Simama kwanza."

"Siendi, baba. Nakaa na wewe mpaka kutulie."

"Ukae unitazame nikiganda? Nenda, mwanangu." Alinyoosha mkono, akakitikisa kifungio cha binti yake kwa vidole vilivyokufa ganzi. Hakikucheza. Akatabasamu. "Unaona? Vyangu nilivilipualipua tu. Vyako nilivifunga kwa moyo. Hivi vitakufikisha."

Gyrid aliushika mkono ule, akaurudisha ndani ya mfuko wa kulalia.

"Ndiyo, baba," alisema. "Vimeshika."

Alikwenda. Barafu ilimkata uso, alianguka, akainuka, akaanguka tena. Skii ilinasa kati ya mawe, akaivuta kwa uzito wake wote na kifungio hakikulegea. Kila kiliposhika, alikichukia. Alifika kibandani akitambaa, sauti imemkauka, akawaonyesha watu waliokuwamo kwa mkono alikotoka.

Waokoaji walifika shimoni asubuhi, Gyrid akiwa pamoja nao. Anfinn alikuwa amekufa.

Mmoja wao, akipakia mizigo, alijaribu vifungio vya Gyrid kwa kidole gumba. Akasema aliyevifunga anaijua kazi, akauliza ni duka gani.

"Si duka," Gyrid alisema. "Ni baba yangu."

Kisha akalia mbele yao wote. Walipomwomba apande nyuma ya pikipiki ya theluji alikataa. Alizilaza skii zake kwenye sleji iliyokokotwa na pikipiki hiyo, ubavuni mwa baba, akaifuata kwa miguu hadi barabarani.