Dumu la Dizeli

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kidole alikuwa na kazi moja ambayo asingemwachia mtu mwingine hata kwa pipi za duka zima. Alipanda juu ya kigoda mbele ya gari la kituo cha afya, mama yake akafungua boneti, naye akachomoa kijiti cha kupimia oili. Alikifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena, kisha akakisoma kwa macho makali.

"Oili iko katikati ya mistari miwili," alitangaza kama msomaji wa taarifa ya habari.

"Basi injini imeshakunywa chai," mama alijibu akicheka. "Na wewe kanywe yako, utachelewa."

Jina hilo la Kidole alipewa na bibi yake, kwa sababu tangu alipoanza kutambaa hapakuwa na kitu alichokiona akakiacha bila kukigusa. Sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili na tabia ilikuwa ileile. Yeye, mama na bibi waliishi kwenye nyumba ndogo nyuma ya kituo, kwa kuwa mama alikuwa dereva wa kituo na gari lilipaswa kuwa karibu naye wakati wote.

Zamani mama aliendesha mkweche ambao ulizimika kila ulipoona mlima. Mara ngapi wagonjwa wenyewe walishuka wakausukuma! Kwa hiyo siku lilipoletwa gari jipya la dizeli, lile ambalo magurudumu yake yote manne huvuta kwenye tope, mama alilizunguka huku machozi yakimlengalenga. Tangu siku hiyo, kila lilipomaliza kupanda mlima bila kukohoa, alisema kwa sauti, "Asante sana, mzee." Kidole alizoea. Wapo watu wanaozungumza na kuku, mama yake alizungumza na injini.

Gari hilo lilikuja na dhamana ya kampuni iliyoliuza. Mama alimweleza Kidole maana yake: injini ikiharibika kwa kosa la kiwandani, kampuni hutengeneza bure. Ikiharibika kwa uzembe wa wenye gari, kampuni haina habari nao. "Ndiyo maana oili hubadilishwa kwa wakati," mama alisema, "na dizeli nachukua kituo kimoja tu cha mafuta, kwa watu ninaowaamini. Injini hii ikifa kwa uzembe wangu, kituo hakina gari na mimi sina kazi."

Jumamosi moja mama alikuwa akifagia ndani ya gari. Akamwita Kidole na kumkabidhi dumu la dizeli ya akiba lililokuwa tupu.

"Lifute hili, mwanangu. Limejaa vumbi."

Kidole alilitazama. Kufuta? Bibi ndiye aliyemfundisha kazi za jikoni, na kwa bibi, chombo kisichosuuzwa mara mbili hakikuruhusiwa kulala ndani ya nyumba. Kidole akalipeleka dumu bombani, akalitia maji na sabuni, akalitikisa mpaka mikono ikauma, akalisuuza, akamwaga maji. Kisha akalifunga kizibo barabara na kulirudisha nyuma ya gari, limetakata kama jipya. Hakusema kitu, maana alitaka mama alione mwenyewe na kumsifu. Na kweli mama alilisifu. Hakuna kati yao aliyefikiria maji yaliyobaki chini ya dumu, yaliyokataa kutoka kwa sababu mdomo wa dumu uko pembeni.

Mama alilijaza dizeli kwenye kituo chake kilekile cha mafuta. Siku chache baadaye, alipokuwa akijiandaa kupeleka chanjo kwenye vijiji vya mlimani, alimimina dumu zima kwenye tangi, akaondoka.

Hakufika mbali. Nusu ya mlima wa kwanza injini ilianza kutetemeka, ikatoa moshi mweupe, ikapoteza nguvu, ikazimika. Kwenye dashibodi taa moja ilikuwa ikiwaka, ile inayoonya kwamba kuna maji kwenye dizeli. Mama aliitazama akaguna. Taa hiyohiyo iliwahi kuwaka bure miezi ya nyuma, na fundi wa kampuni alikiri kwamba kifaa chake kilikuwa kibovu, akakibadilisha. Leo imeanza tena uongo wake, mama aliwaza. Alimpigia fundi simu, naye akamwambia asifungue kitu chochote mpaka afike mwenyewe, dhamana isije ikaingia mgogoro. Trekta likalivuta gari hadi uani pa kituo cha afya, na chanjo zikarudishwa kwenye friji.

Kidole alirudi shuleni na kukuta boneti iko wazi. Mama alikuwa amesimama pembeni, uso umemshuka. Kando yake alikuwepo muuguzi mkuu, ambaye wote walimwita Sista, na fundi wa kampuni, kijana mwenye ovaroli safi, akifungua sanduku lake la vifaa. Kidole akawaamkia, kisha akajibanza ukutani.

"Dada, dizeli ulichukua wapi?" fundi aliuliza.

"Kilekile kituo changu cha siku zote."

"Taa ya maji inawaka. Hakuna maji yaliyoingia? Mvua, au mtu kukosea kumimina?"

"Maji?" Mama karibu akasirike. "Fundi, taa hiyo imeanza tena uongo wake, dizeli yangu naijua mimi. Naapa mbele ya Sista, hakuna hata tone."

Hapo Kidole akakumbuka. Dumu! Aliona tena mikono yake ikilitikisa, povu likitoka, kizibo kikifungwa.

Fundi alikuna kichwa. "Basi, kama dizeli ni safi na oili ilibadilishwa kwa wakati, hili ni kosa la kiwandani. Msiwe na wasiwasi, dhamana itabeba kila kitu."

Sista akashusha pumzi. Mama naye akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kidole aliliona tabasamu lile. Akinyamaza, injini itatengenezwa bure na hakuna atakayejua. Akisema, mama ataonekana mwongo mbele ya mkuu wake wa kazi, dhamana itapotea, na pengine kazi nayo itaota mbawa. Nani alimtuma aoshe ndani? Hakuna. Nani anajua? Hakuna.

"Ingia ndani, dada," fundi alisema. "Piga stati, uiache ingurume kidogo niisikilize."

Mama akaingia. Akashika ufunguo. Kidole akakumbuka jinsi mama alivyolia kwa furaha siku gari lilipokuja, akaona hawezi. Akapiga moyo konde.

"Usiwashe, mama! Usiwashe!"

Wote wakageuka. Kidole alikuwa tayari mbele ya gari, mikono ameinyoosha kana kwamba anazuia ng'ombe.

"Maji yapo," alisema akilia. "Niliosha dumu. Ndani. Kwa sabuni. Nilifunga kizibo likiwa bado limelowa. Mama hajui lolote, ni mimi."

Mama alitoa ufunguo polepole, akashuka. Fundi alichukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, akaingia chini ya boneti, akafungua kijibomba kilicho chini ya chujio la dizeli. Chupa ilipojaa nusu, aliiinua kwenye mwanga. Chini yalikaa maji yenye ukungu wa sabuni, na juu yake ikaelea dizeli.

"Chujio limejaa pomoni," fundi alisema. "Angepiga stati tena, maji yangepita hadi kwenye pampu na nozeli zinazorushia dizeli ndani ya injini. Vyuma vile hulainishwa na dizeli yenyewe. Maji hayalainishi kitu, yangevisaga."

"Na dhamana?" Sista aliuliza.

"Dhamana haigusi maji kwenye dizeli, Sista. Nawaambia ukweli. Ila sijaona kilichoharibika. Nitamwaga tangi, nitaweka chujio jipya, nitatoa hewa kwenye mirija ya dizeli. Tutajua."

Kazi ilichukua zaidi ya saa moja. Kidole alishika tochi na kupokea spana, na mama hakumwambia neno, jambo lililomuuma kuliko kofi. Hatimaye mama akapiga stati. Injini ikakohoa mara moja, ikatetemeka, kisha ikashika, ikanguruma kwa utulivu wake wa kila siku. Ile taa ikazimika. Sista alipiga makofi kama mtoto.

Mama aliiacha injini ikinguruma, akashuka, akapiga magoti mbele ya binti yake.

"Mama, nisamehe," Kidole alisema.

"Nimekusamehe. Kosa la dumu tumegawana. Nilikwambia ulifute, sikukwambia kwamba chombo cha dizeli hakiingizwi maji. Na wewe ulifanya usichotumwa, ukaficha ili usifiwe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Sasa sikiliza na hili. Mimi niliapa kwa jambo nisilolijua. Taa iliniambia ukweli nikaiita mwongo. Fundi naye aliniamini, na kwa kuniamini tulikuwa tunakwenda kuiua injini, wote watatu, watu wazima. Wewe ulijua kwamba ukisema utatuumiza, na bado ukasema. Mwanangu, ukweli ukicheleweshwa kidogo tu, unaweza usitengeneze tena kitu. Wako umefika kwa wakati." Akamkumbatia, mikono yake ikinuka dizeli. "Asante. Asante sana, mwanangu."

Sista alikuwa ameshaingia ndani. Akarudi na sanduku la chanjo, akampa Kidole alishike.

"Lipakie garini," alisema. "Jua bado lipo, na kule mlimani akina mama wanasubiri na watoto wao."