Ninusie, Dada

Ijumaa sokoni Msambweni hapakuwa na nafasi ya kutia mguu, lakini mbele ya meza ya Mwanasha watu walipisha njia wenyewe. Aliyekuja alikuwa Alfani wa Shimoni, fundi wa kuziba nyufa za mashua kwa pamba na kuzipaka sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka hata uyasugue kwa majivu na ndimu. Kanzu yake ilikuwa nyeupe, imepigwa pasi, na kofia mpya. Lakini alinuka vilevile.

Mwanasha, muuza udi, alivuta leso yake ya manjano akaziba pua.

"Kaka, umekufa tangu lini? Mbona hawajakuzika?"

"Nimekuja unizike wewe. Nipe udi wa kuishinda harufu hii."

"Huo haujapikwa bado."

"Basi nitarudi kila Ijumaa mpaka uive."

Na kweli akarudi. Wakataniana mpaka wauza ndizi wakawa wanawasikiliza wao badala ya wateja, na kabla ya mwaka kwisha Alfani alikwisha kusema atamtuma mjomba wake kuja kuposa.

Wapishi wa udi pale mjini walikuwa wawili, ndugu wa tumbo moja. Esha ndiye mkubwa, Mwanasha mdogo. Marehemu mama yao aliwaachia mwiko mmoja wa kukorogea udi, nao hawakukubali kununua mwingine. Uliazimwa nyumba hii ukarudi nyumba ile. Esha alijua kazi, asisingiziwe. Lakini wateja walianza kumpita mlangoni wakienda kwa mdogo wake, na jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mdomoni akabaki asali tupu.

Kisha watu wa Majoreni, waliokuwa wateja wa Esha miaka yote, wakamwita Mwanasha aende kumfukiza bibi arusi wao. Wiki hiyo hiyo Mwanasha akashikwa na mafua, pua zikaziba kabisa. Mama yao aliwafunza kwamba ukiwa na mafua usipike peke yako, mwite nduguyo akunusie. Akamwita. Esha akaja mbiombio, akamwambia akasali adhuhuri apumzike, akakoroga yeye. Mwanasha aliporudi, udi umekwisha iva.

"Ninusie, dada."

Esha akainama juu ya sufuria, akavuta pumzi ndefu. "Mashaallah. Kama wa mama."

Akautia koponi kwa mkono wake, akalifunga barabara. Alfani ndiye aliyelibeba mpaka Majoreni, na pua yake ilikwisha zoea sifa, hakuhisi kitu.

Mwanasha alitia udi kwenye makaa, akasogeza chetezo chini ya nguo za bibi arusi. Yeye hakunusa lolote. Aliona nyuso tu. Shangazi mmoja aliziba mdomo, mwingine akatema mate mlangoni, na bibi arusi akatapika juu ya hariri yake ya kijani. Mwanasha akauliza kuna nini. Wakamwambia amemfukiza mtoto wa watu kwa sifa.

Esha, naye kaalikwa, ndiye wa kwanza kusema. "Nani alibeba kopo? Mikono yake si mnaijua?"

Hata leo nikisimulia hapa mate ya kichefuchefu hunijaa mdomoni. Mwanasha, kwa aibu, aliamini. Akamfuata Alfani uani.

"Wanichukiza. Harufu yako imeingia mpaka kwenye riziki yangu. Usije tena kwetu."

"Sikulifungua kopo, Mwanasha."

"Nenda."

Alfani akaenda zake. Baada ya hapo meza ya Mwanasha sokoni haikusogelewa na mtu, na wateja wakarudi kwa Esha.

Mafua yalipomwisha, Mwanasha aliingia jikoni kuosha mwiko auregeshe kwa dada yake. Akauleta karibu na uso, akautupa. Mti ulikuwa umekunywa sifa. Na Alfani hakuwahi kukanyaga jikoni mle.

Akauokota, akamkuta Esha mkekani akitunga asumini. Akauweka mwiko mbele yake. Esha hakukana, alisema Majoreni walikuwa watu wake, na mdogo mwenye adabu angengoja afe kwanza.

"Uliinama ukaunusa uvundo ule," alisema Mwanasha, "ukaniambia mashaallah, ukamtaja mama."

Akashika njia ya Shimoni. Alfani alikuwa chini ya mashua, sifa imemfika viwikoni, na hakuinuka.

"Pua imefunguka?"

"Imefunguka. Nimekuja kuomba radhi."

"Niache nikaoge kwanza."

"Usioge." Akashika pindo la shuka yake akalinusa. Machozi yakamtoka, kidogo atapike, kisha akacheka. "Unanuka, Alfani. Lakini hii najua inatoka wapi."

"Nimtume mjomba?"

"Mtume kesho."

Siku ya arusi, mwenye haki ya kumfukiza biarusi ni dada yake, na shangazi wakashikilia desturi ifuatwe, watu wasiseme. Esha akaja na chetezo. Mwiko wa mama alikwisha uchoma, maana haukukubali kutoka harufu. Udi wake siku hiyo ulikuwa safi, labda mzuri kuliko wote aliopata kupika.

Mwanasha hakufunua nguo kupokea moshi. "Ninusie, dada."

Esha akainama juu ya moshi. "Mashaallah," akasema, na hakuna hata mmoja aliyemwamini.

"Ahsante. Sasa chetezo kitoe nje."

Mwanasha akaingia kwa mumewe na asumini tu kichwani. Alfani alikuwa amejisugua mpaka ngozi imewiva, lakini nyuma ya sikio sifa ilibaki kidogo. Mwanasha akaegemeza uso wake hapo.