Fundi Aliyeogopa Kuitwa Baba

Haya kanisimulia mkunga mwenyewe, mwaka juzi kipindi cha mvua, akinipima presha. Nayaweka kama alivyoyasema.

— Miaka sita, mume wangu! Jana shangazi yako kaniita tasa mbele ya wageni. Laiti angejua anayesema "bado" ni wewe!

Mume wa mkunga, fundi wa magari, alikuwa akisugua grisi vidoleni.

— Subira yavuta heri.

— Heri gani ya kuvutwa miaka sita? Nina thelathini na saba. Nijibu. Kama hutaki mtoto, kila mtu ashike njia yake.

Fundi akainamisha kichwa.

— Mama alikufa siku aliyonizaa. Mimi ndiye niliyemuua. Nikuue na wewe?

Kifo hicho mkunga alikijua. Kwamba ndicho kilicholala katikati yao miaka yote, hakujua. Akavaa sare, akaenda zamu ya usiku bila kuaga.

Asubuhi ujumbe ukaingia kwenye simu ya fundi: "Njoo zahanati sasa hivi. Mdogo wangu kaja kupimwa, amekubali usikilize."

Akafika mbio, ovaroli mwilini. Shemeji yake alikuwa kitandani, tumbo la miezi minane juu kama kilima.

— Shemeji, unatetemeka nini? Mwenye tumbo ni mimi!

Mkunga akasimamisha juu ya tumbo kipembe cha mbao cha kusikilizia mapigo ya mtoto.

— Gereji mnasikilizaje injini?

— Naegemeza bisibisi ndefu kwenye injini, naweka sikio mpinini.

— Haya, weka sikio hapa.

Akainama. Mara akaruka.

— Mke wangu! Inakwenda mbio mno! Itachemka hii, fanyeni kitu!

Dada wawili wakacheka mpaka kitanda kikalia.

— Mia na arobaini kwa dakika. Ndio mwendo wao huo.

— Na nani kaiwasha?

Kicheko kikakatika. Mkunga alishazalisha watoto wasio na idadi, swali hilo hakuwahi kuulizwa.

Fundi akapiga magoti sakafuni, akasikiliza tena, machozi yakimtiririka.

— Na mimi nilidunda hivi?

— Hivyo hivyo. Na mama yako alikuhisi ukicheza, kabla wewe hujajijua.

— Basi nimekuwa nikiikumbuka siku moja tu, ile aliyokufa. Miezi tisa tuliyoishi pamoja, sijawahi kuiwaza.

Akamshika mkewe mkono.

— Uoga haujaniisha.

— Hata mimi naogopa. Mkunga asiyeogopa, mkimbie.

— Basi nataka mtoto. Tuogope wote.

— Lini?

— Mkunga nani hapa? Siku unazijua wewe.

— Jamani! — shemeji akapiga kelele. — Mkayamalizie kwenu, nivae nguo zangu!

Mchana ule mkunga alitangulia kulala, zamu imemchosha. Fundi akakaa ukingoni mwa kitanda, akilitazama tumbo la mkewe likipanda na kushuka kwa pumzi. Halikuwa na mtu bado, lakini hata kukohoa aliona haya. Akavua viatu taratibu, akajinyoosha kando yake, usingizi ukamchukua.