Injini Isiyozimika

"Spana, hapa Mnara. Chai imemwagika."

Spana aliuma meno. Katika idara yao, chai ikimwagika maana yake ni moja: mtu wao ametekwa.

"Nani?"

Redio ya Motorola ilikwaruza. Mkuu wa operesheni, mtu asiyejua kubembeleza, safari hii alisitasita.

"Mhandisi wa maabara. Mdogo wako. Pole sana."

Ilikuwa saa nane mchana. Kilomita moja mbele, pikapu nyeusi ya milango minne ilikuwa inateleza bila haraka kuelekea mpakani. Spana alikuwa anaifuatilia tangu asubuhi kwa mwendo wa pole, akidhani imebeba Mkurugenzi wa kampuni ya kuuza injini, waliyekuwa wanamshuku, na dereva wake tu. Kumbe kwenye kiti cha nyuma amefungwa pingu mtu aliyenyonya ziwa moja na yeye.

"Mpaka uko mbali gani?"

"Kilomita hamsini na mbili. Kikosi chetu kiko nusu saa nyuma yako. Wakivuka, ndiyo basi tena."

Spana alikanyaga mafuta.

Lawama ilikuwa yake, na aliijua. Mkurugenzi alikuwa ametoka ng'ambo na mkataba wa injini mia sita za kufungwa kwenye magari ya wagonjwa. Vortak 28. Dizeli, turbo, lita mbili nukta nane. Idara ilinusa harufu mbaya, ikatafuta mtu wa kuipima injini moja kimyakimya. Nani alimtaja mdogo wake? Spana. Nani alimwambia, "Kazi ya wiki moja tu, hakuna hatari"? Spana huyohuyo.

Jana mdogo wake alimpigia simu, sauti imemchangamka.

"Dada, karatasi zao zinasema nguvu ya farasi mia na tisini. Mimi nimepata mia na thelathini. Zinasema kilomita laki tano bila kufunguliwa. Uongo mtupu! Sili ya turbo, ile inayozuia oili isivuje, ni mpira wa kandambili."

"Niambie kwa lugha ya watu."

"Ukiizima ghafla ikiwa ya moto, oili inaungulia ndani ya turbo. Ukija kuikamua tena, dakika kumi na nane sili inaachia. Nimejaribu mara tatu, kumi na nane kila mara. Halafu injini inaanza kunywa oili yake yenyewe. Hapo hata uchomoe ufunguo haizimiki. Inakimbia mpaka ipasuke."

Sasa, akikumbuka maneno hayo, Spana alifumbua macho makubwa. Saa moja iliyopita aliiona pikapu ile ikiingia kituo cha mafuta baada ya kupanda mlima, inafuka joto. Dereva alizima pale pale. Pu! Na tangu waondoke pale walikuwa wanakwenda pole, hawajaikamua.

Marehemu baba yao angemzaba kofi. Baba alikuwa fundi wa dizeli, na gerejini kwake gari la turbo halikuzimwa kabla ya kupumua dakika mbili. Alikuwa anawakalisha watoto wake wawili kwenye kiti cha mbele wahesabu kwa sauti, moja mpaka mia na ishirini, ndipo aguse ufunguo.

Dereva wa Mkurugenzi hakuwa na habari hizo. Kijitabu cha kampuni kiliandika kwamba Vortak haihitaji kupozwa. Mkurugenzi alikiandika mwenyewe, akayarudia maneno hayo kwenye mikutano mpaka akayaamini, akafunga injini hiyohiyo kwenye gari lake la maonyesho, pikapu hii nyeusi.

"Mnara, siwakamati. Nawafukuza."

"Unasema nini wewe?"

"Nataka wakimbie. Wakimbie sana."

Alibonyeza kitufe cha saa yake ya Casio. Dakika ya kwanza ilianza kuhesabiwa.

Aliwasha taa zote. Akapiga honi. Akateremsha kioo, akatoa bastola yake ya Glock na kupiga risasi mbili juu hewani. Kulenga matairi asingethubutu. Kwa mwendo ule pikapu ingebiringika na mdogo wake ndani.

Pikapu ilitoa moshi mweusi na kuchomoka.

Gari lake lilikuwa kuukuu, farasi mia moja na mbili wa halali, wasiotiwa chumvi. Kilomita mia na arobaini kwa saa. Usukani ulikuwa unamtetemesha mpaka meno. Mshale wa joto ulipanda, ukagusa wekundu.

"Vumilia, bibi," aliliambia gari. "Vumilia kidogo tu."

Dakika ya kumi. Ya kumi na tano.

Ya kumi na nane.

Hakuna kitu.

Kumi na tisa. Pikapu bado ilikuwa inakwenda, haina hata chembe ya moshi. Kibao cha mpaka kilipita: kilomita saba. Labda walibadilisha sili. Labda mdogo wake alikosea. Alimfikiria mama yao, ambaye jioni angeuliza kwa nini wanawe hawapokei simu, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

"Achia," alinong'ona. "Achia, tafadhali. Achia!"

Dakika ya ishirini, bomba la moshi la pikapu lilitema wingu jeupe lililofunika barabara nzima.

Spana alikanyaga breki. Ndani ya wingu lile injini ilikuwa inapiga yowe, na yowe lilikuwa linapanda. Pikapu ilipepesuka, ikasimama pembeni. Milango ya mbele ilifunguka. Dereva alitoka mbio, ufunguo mkononi.

"Haizimiki, bosi! Ufunguo si huu hapa! Haizimiki!"

Mkurugenzi alikuwa anakimbia zaidi yake.

"Laleni chini!" Spana aliruka nje, Glock mbele. "Wote! Ufunguo wa pingu uko wapi?"

Mkurugenzi alijipapasa mifuko. Kusubiri kulikuwa kifo. Spana alichomeka bastola kiunoni, akaikimbilia pikapu.

"Dada, ondoka!" mdogo wake alipiga kelele kutoka kiti cha nyuma, pingu zimemfunga kwenye chuma cha kiti. "Itapasuka!"

"Nyamaza! Boneti inafunguliwa wapi?"

"Chini ya usukani! Ng'oa bomba la hewa, uzibe tundu! Kitu kigumu, siyo mkono!"

Kitu kigumu. Macho yake yalizunguka ndani ya gari, yakatua kwenye dashibodi. Kijitabu kinene cha vipimo vya injini, jalada gumu, maandishi ya dhahabu: VORTAK 28, HAIKUANGUSHI. Alikinyakua.

Joto lilimpiga usoni boneti ilipofunguka. Alishika bomba, likamuunguza vidole, akalivuta, likagoma, akalivuta tena huku akilia kwa hasira. Likachomoka. Alikibamiza kijitabu kwenye tundu.

Injini ilikivuta, ikakibana. Yowe lilikatika. Ikakohoa mara moja, ikatikisika, ikafa.

Kimya kilichofuata kilimwuma masikio.

Kikosi kilipofika, ufunguo wa pingu ulipatikana ndani ya soksi ya Mkurugenzi. Mdogo wake alitoka akichechemea, akaitazama injini, akakitazama kijitabu kilichokunjamana.

"Umeizima kwa kitu gani?"

"Kwa vipimo vyao."

Alicheka mpaka akamwangukia dada yake begani, na hapo kicheko kikageuka kilio. Spana alimshika kichwa kwa vidole vilivyoungua.

"Nisamehe," alimwambia. "Mimi ndiye niliyekuingiza."

"Mama asijue tu."

"Spana, hapa Mnara! Ripoti!"

"Chai imezolewa, Mnara."

"Basi njoo! Mbona bado umesimama hapo?"

Gari lake kuukuu lilikuwa bado linanguruma pembeni, moto, mwaminifu. Waliketi kiti cha mbele, wawili, bega kwa bega. Spana aliweka mkono kwenye ufunguo.

"Moja," alisema mdogo wake. "Mbili. Tatu."

Walihesabu mpaka mia na ishirini. Spana alizungusha ufunguo, injini ikazimika, akachukua koti lake, akashuka na mdogo wake, wakaenda taratibu kwenye magari ya kikosi.