Doti Isiyokatwa

Hashir, fundi wa mabomba, alipanda paani kutazama tangi linalovuja, akashuka mbio akaziacha hata spana zake. Nyuma ya matangi, alisema, kuna mimea imefunikwa nguo kama wagonjwa wodini. Alikuwa ameufunua mmoja tu, na huo mmoja ulimtosha kujua ni bangi. Hakutaka kuwa mtu pekee aliyeuona, akapiga simu polisi.

Nyumba yenyewe ilikuwa Al Warqa, mtaa wa watu waliotulia, na mwezi ulikuwa Januari. Kwa Dubai, hiyo ndiyo miezi ya kupanda kitu nje kikaota. Kiangazi kikiingia, jua halibakishi hata nyasi. Lakini usiku hupiga upepo wa kaskazini, na mibangi ile ilikwisha kuonja baridi. Majani ya juu yalikuwa yamegeuka zambarau. Mwenyewe aliionea huruma, akawa anaifunika.

Sajini Mubarak hakuhangaika. Paa hilo lilikuwa na bustani ya mtumishi wa ndani, Yuliana, Mtanzania wa Makete, aliyelima mchicha na figiri katika mabeseni makuukuu. Mibangi nayo ilikuwa katika mabeseni kama yale yale. Kesho yake maabara ikaleta jibu la alama za vidole za kwenye mabeseni: ni za Yuliana. Basi Sajini aling'oa kila chenye rangi ya kijani, mchicha nao, akamweka Yuliana mahabusu na kuandika jalada safi lisilo na swali hata moja.

Jalada hilo likaangukia meza ya Inspekta Kawthar, na hapo ndipo Sajini alipokosa bahati. Kawthar alizaliwa Dubai, ila alilelewa na bibi yake wa Unguja, na Kiswahili cha bibi kilikuwa bado mdomoni mwake. Alikuwa mfupi, mwepesi wa kuudhika, na hakuna kilichomuudhi kama kesi inayojimaliza yenyewe.

Aliagiza vielelezo. Sajini akaleta mfuko, akasema ni mashuka tu yaliyofunika mimea.

Kawthar akayakunjua mezani, akacheka peke yake.

"Mashuka haya, Mubarak, ni kanga. Unajua zinavyouzwa?"

Sajini hakujua. Kawthar akamweleza kwamba kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana, na kila kipande kina maneno yake chini. Mwenye kuvaa kanga, kitu cha kwanza anachofanya ni kuikata doti vipande viwili na kupinda ncha zake. Asipopinda, inachanika nyuzi nyuzi na mashoga wanamcheka. Hizi zilikuwa doti mbili nzima, maneno yanasomeka mara mbili mbili, mkasi haujagusa wala sindano.

"Aliyezitumia hizi hajavaa kanga maisha yake," alisema. "Niletee Yuliana."

Yuliana aliingia amevaa fulana ya mikono mifupi, macho yamevimba kwa kulia. Alijua kinachomsubiri. Kesi ya bangi katika nchi ile ni kifungo kirefu, na baada ya kifungo ni ndege ya kurudishwa kwao mikono mitupu. Kawthar alipomsalimia kwa Kiswahili, akalia upya.

"Mabeseni ni yako?"

"Ni yangu, afande. Yalipotea mwezi wa kumi na moja. Nikadhani madam ameyatupa."

"Nyuma ya matangi hukufika?"

"Aidarus, mtoto wa madam, aliziba kwa mbao. Alisema ni vyombo vyake vya kambi, nisiguse."

"Mchicha wako ulikuwa ukiufunika usiku?"

Yuliana alimtazama kama aliyeulizwa iwapo huwa anawavalisha kuku soksi.

"Kwa baridi gani, afande? Kwetu Makete asubuhi sakitu inatanda, nyasi zote nyeupe. Hii ya hapa mimi nalala dirisha wazi."

Kawthar aliandika jibu hilo kwa mkono wake mwenyewe, akaomba hati ya upekuzi.

Bi Saleha, mwenye nyumba, alikuwa mjane mwenye asili ya Unguja. Alimpokea Kawthar kwa kahawa na halua, akamwita mwanangu, akalalamika kuhusu ubaya wa watu: miaka yote chini ya paa lake, na Yuliana anakuja kumfanyia haya. Kawthar alimwacha aseme mpaka akaishiwa. Kisha akaweka kanga moja juu ya meza, kando ya halua.

Mkono wa Bi Saleha ukasimama kwenye kikombe.

"Kanga za dukani hizo," alisema. "Nani hana?"

"Zisizokatwa, bibi? Za watu zimekatwa. Zisizokatwa huwa ndani ya kasha, zinangoja harusi."

Kawthar akamwonyesha hati, wakaingia chumbani. Kasha lilikuwa chini ya dirisha, limefungwa kwa kufuli. Lilipofunguliwa, korja ya kanga, yaani doti kama ishirini, ilikuwa juu, zawadi za harusi ya mpwa wake, na za rangi ile ile ya mezani zilikuwamo. Kawthar hakuhitaji kuchimba zaidi.

"Ufunguo unakaa na nani?"

"Na mie."

"Basi ama weye ndiye uliyefunika bangi, ama uliyempa ndiye. Hapa hapana mtu wa tatu."

Bi Saleha alikaa kitandani. Alikuwa na mtoto mmoja tu, na Kawthar alijua hivyo. Alimwonea huruma kweli, lakini hakuondoka mlangoni.

"Nilimpa Aidarus," alisema mwisho. "Aliniambia wanakwenda kupiga kambi jangwani na wenziwe, baridi kali, hana cha kujifunika."

"Polisi walipoziteremsha, ulizijua?"

"Nilizijua."

"Na Yuliana anatiwa pingu."

Bi Saleha alifunika uso kwa mtandio.

Aidarus aliletwa kituoni jioni ile. Alikuwa kijana mwembamba, mzaliwa wa Dubai, amefunga zipu ya jaketi mpaka kidevuni na kofia ya sufu kichwani. Kabla hajaketi aliomba kiyoyozi kipunguzwe.

"Unasikia baridi?" aliuliza Kawthar.

"Sana, inspekta. Mwaka huu imezidi."

"Ndiyo maana ukaifunika."

"Nini?"

"Mibangi. Mama yako ameshasema kanga alimpa nani."

Aidarus alitazama mlango, akatazama meza. Aliuliza kama mama amesema kweli. Kawthar akamsogezea maelezo yenye saini, naye akayasoma polepole.

"Sikuwa nauza," alisema. "Ni ya kuvuta mwenyewe. Rafiki yangu alikamatwa akinunua, nikaogopa. Nikaona bora nipande."

"Alama zako za vidole hazipo."

"Nilivaa glavu za pikipiki."

"Na mabeseni? Mabeseni matupu yamejaa sokoni. Kwa nini uibe ya Yuliana?"

Kawthar akangoja. Alikuwa hodari wa kungoja, na Sajini Mubarak pembeni aliacha kuandika.

"Nilijua yakionekana hakuna atakayeuliza," alisema Aidarus, sauti chini. "Bustani ya mtumishi, vyombo vya mtumishi. Khalas, yamekwisha."

Sajini aliinamisha kichwa, kwa sababu maneno yale yalikuwa jalada lake lote.

Yuliana aliachiwa asubuhi. Kawthar alimpeleka mwenyewe Al Warqa kuchukua vitu vyake. Bi Saleha alikuwa anawangoja sebuleni, hajalala, na mapajani ameweka doti mpya iliyokunjwa.

"Yuliana mwanangu, nisamehe. Pokea hii. Ukae, nitakuongezea mshahara."

Yuliana hakuipokea.

"Madam, siku ile ulisimama pale mlangoni. Kanga zilipita mbele yako, na mimi nikapita nyuma yake. Nilikutazama uso, nikajua umezijua. Nikasema moyoni, sasa hivi atasema." Alijifuta macho kwa kiganja. "Naomba pasipoti yangu."

Bi Saleha alimgeukia Kawthar, labda akitafuta mtu wa kwao. Kawthar alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuipokea pasipoti.

Mama wa watu akavua ufunguo shingoni, akaenda kufungua kasha. Alitoa kanga moja moja, akazirundika kitandani mpaka korja ikaisha. Pasipoti ya Yuliana ilikuwa chini kabisa.