Ganda la Tatu

Jua lilikuwa linaaga, na fundi cherehani alikuwa amebakiza pindo moja tu la sketi, alipoyaona mayai matatu juu ya meza ya kupigia pasi.

"Huyu mtoto!" alisema peke yake. "Akili zake zote zimehamia kwenye chunusi."

Mayai yalikuwa ya mdogo wake, ameyasahau. Fundi mwenyewe hakuna aliyemwita kwa jina jingine. Hata mama yake mzazi alimwita Fundi. Mdogo mtu aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na mitano kati ya hiyo aliimaliza mbele ya kioo.

Hakuna dawa ya nyumbani ambayo Kitinda hakuijaribu. Alijipaka limau, likamchoma hadi akalia. Alijipaka dawa ya meno, akalala ananukia mnanaa na kuamka na chunusi zile zile, ila safi. Alijipaka manjano na asali, asubuhi sisimizi wakamkuta kitandani.

"Huo si uso tena, ni jiko," Fundi alimtania.

"Cheka tu, dada. Wewe unauza nguo. Mimi natakiwa niuze krimu."

Hapo ndipo penye uchungu. Mwenye duka la vipodozi alimkubali kazini, kisha akamtazama vizuri na kumwambia, "Dada, nani atanunua krimu kwako? Urudi Jumatatu ukiwa na uso." Na nyumba ile ya watu watatu ilikuwa inaishi kwa cherehani moja.

Kwa hiyo Kitinda akaenda kwa Mama Ute.

Jina la kuzaliwa la mwanamke huyo halikujulikana. Walimwita Ute kwa sababu ya ute wa yai, ndiyo dawa yake. Alikuwa amepanga chumba nyuma ya duka la dobi lililofungwa. Fundi alimfahamu kabla ya mdogo wake, maana miezi miwili nyuma mwanamke yule alifika dukani kwake na kipande cha kitambaa chepesi kama pumzi.

"Nifundishe mshono wa kuficha," alimwomba. "Usionekane hata na mtu anayekubusu."

Mgema akisifiwa... Fundi alijua kuwa mjini hapo hapakuwa na mkono mwepesi kama wake, akafurahi kuambiwa. Alimpa sindano nyembamba kuliko zote, akamwonyesha: shika uzi mmoja tu wa kitambaa, pitisha, usivute kwa nguvu. Mama Ute alijifunza kwa jioni moja. Alipokuwa anaondoka alimtazama Kitinda, aliyekuwa anafagia, akasema, "Mdogo wako ana mifupa mizuri. Hizo chunusi ni vumbi tu."

Tiba yake ilikuwa na masharti. Mayai yatoke nyumbani kwako, si dukani. Alipaka ute usoni, akalaza karatasi laini, akapaka ute tena, akasubiri ukauke. Kisha alibandua ganda lote kwa mkupuo, kutoka kidevuni kwenda juu. Lisichanike. Likichanika, kazi bure.

"Mara ya kwanza hutoa chunusi," alimweleza Kitinda. "Ya pili hutoa makovu. Ya tatu hutoa mzizi."

Mara ya kwanza chunusi ziliondoka zote. Mama yao alipiga vigelegele. Mara ya pili makovu yalifutika, pamoja na baka dogo lililokuwa karibu na sikio tangu utotoni. Hapo Fundi alisita. Mdogo wake alipocheka, mashavu hayakujikunja. Yalibaki yamenyooka kama kola iliyotiwa wanga.

"Si urembo huo?" Kitinda aliuliza.

"Ni urembo," Fundi alijibu, lakini hakulala vizuri.

Na leo ilikuwa mara ya tatu.

Aliyafunga mayai kwenye kipande cha kitambaa, akatoka na futi yake shingoni na mkasi kwenye mfuko wa aproni, kama alivyozoea. Mtaani watu walikuwa wanafunga maduka. Fundi baiskeli alimpungia mkono. Mbele ya duka la dobi taa haikuwaka. Alizunguka nyuma.

Harufu ilimfikia kabla ya mlango. Yai bichi. Na nyingine, kama nywele zilizoguswa na pasi ya moto.

Kisha sauti.

Krrr... krrr...

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Alisukuma.

Kamba ilifungwa kutoka ukuta hadi ukuta, na kwenye kamba zilibanwa nyuso kwa pini. Nyuso za karatasi, kavu, zenye matundu ya pua na mabonde ya macho. Mtu mwingine angedhani ni takataka za dawa. Fundi hakudhani hivyo. Kila moja ilikuwa na alama za penseli: mstari katikati ya pua, vijino viwili vya kuunganishia kwenye kila shavu, mshale unaoelekea juu. Yeye mwenyewe alikuwa na karatasi kama hizo arobaini, zimening'inia kwenye misumari dukani: mikono, kola, viuno.

Vilikuwa vipimo. Na hakuna mtu anayechora kipimo asichokusudia kukishona.

Zilipangwa tatu tatu. Ganda la kwanza la kila mtu lilikuwa na chunusi zake. La pili lilikuwa na nyusi, unywele kwa unywele. La tatu...

La tatu halikuwa karatasi.

Mwishoni mwa kamba aliliona baka dogo la kando ya sikio. Lilikuwa kwenye ganda la pili la mdogo wake. Pini iliyolitangulia, ya ganda la kwanza, ilikuwa tupu. Aliliona hilo, ila hakulitilia maanani, kwa sababu chini yake, kwenye kiti, alikuwa ameketi Kitinda.

Uso wote ulikuwa mweupe. Hapakuwa na macho. Hapakuwa na mdomo. Matundu mawili tu, na pumzi ikipiga mluzi ndani yake.

"Fundi," sauti ilinong'ona nyuma yake. "Karibu, mwalimu wangu."

Mama Ute alitoka nyuma ya mlango, akaufunga taratibu.

"Nimeleta mayai," Fundi alisema.

"Weka hapo. Mara ya tatu hatutumii yai."

"Mnatumia nini?"

"Tunatumia mwenyewe."

Alipita, akasimama nyuma ya kiti, akaingiza kucha chini ya kidevu cha Kitinda. Akavuta.

Krrr...

Damu ilichora mstari mwembamba chini ya taya, imenyooka kama utepe wa pindoni. Miguu ya Kitinda ilianza kupiga sakafu. Mluzi wa pumzi ukawa kilio kisicho na mahali pa kutokea.

Fundi alimrushia mayai usoni. Yalipasuka. Mwanamke yule hakupepesa hata jicho. Fundi alimrukia, akarushwa kwa mkono mmoja kama mtu anavyokung'uta kitambaa. Kichwa kiligonga ukuta, damu ikamwingia jichoni. Aliinuka na mkasi. Aliuzamisha katikati ya kiganja kilichokuwa kinavuta, ukatokea upande wa pili.

Haikutoka damu.

Ulitoka ute.

"Unanichafulia kazi," Mama Ute alisema bila hasira, na mkono uliotobolewa ukaendelea kuvuta. Ganda lilikuwa limefika mdomo wa chini. Nyama ilionekana, nyekundu, inatetemeka.

Fundi alichomoa mkasi. Nguvu hana. Mlango umefungwa. Kichwani mwake lilibaki jambo moja tu, nalo lilikuwa la kazi. Mwizi akishika kipimo chako, unakiharibuje ili kisimfae? Unakikata hanamu, pembe hadi pembe, katikati. Kitambaa kilichokatwa hivyo hakiungiki tena bila kuonyesha kovu.

Alimwendea mdogo wake, akaweka ncha ya mkasi kwenye paji la uso.

Kwa mara ya kwanza Mama Ute alitulia.

"Utamkata na yeye. Sasa hivi ni kitu kimoja."

"Najua."

"Jumatatu atauza nini na uso huo?"

"Nisamehe, mdogo wangu," Fundi alisema, akakata.

Alikata kutoka paji la kushoto hadi taya la kulia, kwa mikato minne, kama anavyokata kitambaa kizito. Kila mkato aliusikia vidoleni. Kitinda alipiga ukelele. Mdomo ulikuwa umepata njia. Ganda liliachia likiwa vipande viwili, damu ikamwagika kifuani.

Mama Ute alimrukia Fundi kooni. Uso wake ulikuja karibu, karibu kabisa, umejaa yai, na hapo chini ya sikio Fundi akauona. Mshono wa kuficha. Uzi mmoja kwa mmoja, haukuvutwa kwa nguvu.

Mshono wake mwenyewe.

Macho yalikuwa yanaanza kuingia giza. Alipeleka kucha, akapata fundo la mwisho, akavuta uzi.

Uso ulifumuka kutoka sikio hadi sikio, ukadondoka sakafuni kama leso. Kilichokuwa chini yake Fundi hajapata jina la kukiita hadi leo. Kilijifunika kwa viganja, kikapita dirishani.

Walipofika, majirani walimkuta anaichoma ile kamba kwenye jiko la mafuta ya taa, ganda moja baada ya jingine, huku mdogo wake akiwa ameegemea ukuta na shuka usoni. Wengine walisema ni mwizi. Wengine walisema ni wivu wa ndugu. Kitinda alisema kweli tupu, na wachache walimsikiliza.

Duka la vipodozi hakurudi. Alishonwa hospitalini nyuzi thelathini na moja, kisha akakaa na dada yake dukani, akishona vifungo. Kovu lilipita usoni kama njia kwenye shamba. Mwezi wa tatu chunusi zilirudi. Fundi alizihesabu kila asubuhi, akamshukuru Mungu kwa kila moja.

"Dada, wewe ni mwendawazimu," Kitinda alimwambia. "Watu wanazitibu, wewe unazisalimia."

"Zinaniambia uko ndani."

Jioni moja Fundi alimtuma mdogo wake uzi mweusi kwa mwuza nyuzi, mtaa wa pili. Haukupita muda, pazia la mlango likasogea.

"Umerudi upesi," Fundi alisema bila kuinua kichwa.

Ikaja harufu ya yai bichi.

Aliinua kichwa. Alikuwa mdogo wake, amejitanda khanga. Paji lile lile, mashavu yale yale. Chunusi zote zilikuwa mahali pake, ile kubwa ya kando ya pua, zile tatu za kidevuni. Zilikuwa za siku ile ya kwanza kwa Mama Ute, na hakuna hata moja iliyokuwa imeiva zaidi.

Kovu halikuwepo.

Fundi aliikumbuka pini iliyokuwa tupu.

"Mwalimu," uso ule ulinong'ona, na ukainuka kidogo ili aone chini ya taya, mahali uzi ulipolegea na ukingo kuanza kujikunja. "Mshono umeachia. Nishonee. Nikikosa uso huu, itabidi nitafute mwingine."

Nje, Kitinda alikuwa anarudi. Alisikika anacheka na fundi baiskeli, kisha kandambili zake zikikaribia. Hatua kumi. Hatua saba.

Fundi aliinuka, akasukuma komeo la mlango. Akachukua sindano iliyo nyembamba kuliko zote, akaitia uzi.

Mlango uligongwa.

"Dada? Mbona umejifungia?"

"Ngoja hapo nje, mdogo wangu," alisema. "Nina mteja."