Siku Mayai Yalipofika Mjengoni

Majirani zangu wa Ziwani, na nyinyi mlio mbali lakini mna mume au kaka anayepanda majengo ya watu, nisikilizeni kidogo. Mimi ni Mama Mumo. Nyumba yangu na ya Sylvance Okumu zimegawana ukuta mmoja, kwa hivyo haya ninayoyasema sikuyaokota njiani.

Jumatatu ile ilianza vizuri. Okumu alikuwa akivaa huku akiimba besi ya kwaya yao, mkewe Rispa akimimina chai, na binti yao Adongo akitafuta ile soksi inayopotea kila asubuhi. Kisha nikamsikia Rispa akiuliza, "Baba Adongo, ule mti walibadilisha?"

Wimbo ukakatika.

Okumu ni fundi wa plasta. Walikuwa wakijenga ghorofa karibu na Kariokor, na jukwaa walilosimama wakipiga plasta, la miti na mbao, lilikuwa na nguzo moja iliyopasuka. Nyapara wao, Ndambuki, aliifunga kwa waya akasema itashikilia hadi kazi iishe. Wiki mbili zikapita.

"Bado," Okumu akajibu. "Lakini tuko sawa tu."

"Mko sawa aje na mti umepasuka? Si umwambie Ndambuki?"

"Nikimwambia, ataniambia kesho nisikuje. Wacha hiyo maneno, Mama Adongo."

Akanywa chai yake, akaenda. Rispa alibaki ameshika kikombe kitupu, na najua alikuwa akiomba.

Sasa lazima niwaeleze ujanja wao wa pale kazini. Kila mkaguzi wa majengo alipoonekana langoni, mlinzi alipaza sauti, "Mayai!" Hapo kila fundi aliteremka mbio kutoka kwenye jukwaa bovu, akakimbilia stoo ya langoni kuchukua helmeti, akasimama chini kana kwamba anakoroga saruji. Mkaguzi aliwakuta na adabu zao kama watoto wa darasa la kwanza. Neno hilo alilitunga Okumu mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuza mayai pale. Alitusimulia jioni moja mlangoni kwake tukacheka hadi machozi. Mimi pia nilicheka, na leo naona aibu.

Basi, saa nne hivi, mafundi saba walikuwa juu, usawa wa ghorofa ya nne. Mama mmoja aitwaye Kanyiva, mgeni kabisa mtaa huo, akafika na toroli lake. Ilikuwa siku yake ya kwanza ya biashara, na hakuna aliyemwonya. Akasimama langoni akaita kwa nguvu zake zote:

"Mayaaai! Mayai boilo na kachumbari!"

Mafundi hawakungoja kusikia habari ya kachumbari. Walitupa miko, wakateremka wote saba kwa pamoja, jukwaa likiyumba, wakatimua mbio hadi stoo. Okumu, aliyekuwa wa mwisho, ndiye aliyemwona Kanyiva akimenya yai.

"Aki tumechezwa!" akaangua kicheko. "Ni mayai ya ukweli!"

Ndambuki alikuwa amefura kwa hasira. "Nyinyi ni watoto? Rudini juu saa hii!"

Kabla hata mmoja hajageuka, waya ulikatika. Nguzo ikavunjika, na jukwaa lote likaporomoka pale pale walipokuwa wamesimama dakika mbili kabla. Vumbi lilipotulia, Ndambuki alihesabu watu wake mara tatu. Saba. Akaketi juu ya mfuko wa saruji.

Okumu alirudi nyumbani saa sita mchana. Rispa alikuwa akianika nguo, akadhani mumewe amefutwa kazi. Alipomweleza, Rispa alimpiga bega kwa ngumi, kisha akamkumbatia pamoja na vumbi lake, akalia kwa furaha. Nililia naye. Tangu nihamie Ziwani sijawahi kufurahi vile.

Kesho yake mafundi wote saba walisimama langoni. "Hatupandi miti tena," Okumu akamwambia Ndambuki, "mpaka utuwekee jukwaa la maana."

"Basi kesho usikuje."

"Hakuna mtu anakuja," wakajibu wale sita.

Ndambuki aliwatazama mmoja mmoja, akatoa simu. Siku ya tatu jukwaa la vyuma lilikuwa limesimama, na helmeti zilikuwa vichwani tangu asubuhi. Mkaguzi alipokuja wiki iliyofuata, aliwakuta juu wakipiga plasta, na hakuna aliyeshuka.

FUNZO

Ndugu zangu, tulimficha mkaguzi nguzo mbovu kana kwamba yeye ndiye angeanguka. Mkaguzi huondoka baada ya dakika kumi. Fundi hubaki juu kutwa nzima. Ukiona kitu kibovu kazini, kiseme, na usikiseme peke yako. Nasi tunaobaki nyumbani tusicheke tukisimuliwa ujanja kama huo. Okumu na wenzake waliokolewa na bahati, na mjengo wako huenda usipate muuza mayai.